Profesa Aliyezikataa Prufu Zake
Mwaka 1977 Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliletewa prufu za toleo jipya la kitabu chake. Akazikataa. Toleo la awali lilipangwa na mafundi stadi kwa herufi za risasi. Sasa mtambo wa kupiga picha ulikuwa umeharibu sura ya hesabu zake.

Akaweka kalamu chini, akaanza kutunga programu ya kompyuta ya kupanga chapa. Alidhani ingekwisha upesi. Ilimchukua takriban miaka 10. Programu hiyo, TeX, hupima aya nzima kabla ya kukata mistari. Aliitoa bure, na aliyegundua kosa alilipwa.

Leo wanahisabati hupanga makala zao wenyewe. Fundi wa risasi, ndugu msomaji, hakurudi kazini.