Kuyashinda Magugu ya Bustani kwa Kazi Ndogo



Mwanachama mwenzetu mmoja ametuletea swali ambalo twaona yafaa tulijibu hapa, kwa sababu jibu lake lamhusu kila mwenye tuta la mchicha nyuma ya nyumba yake. Mwanawe anafanya kazi Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, nchi ya dhahabu. Mkwewe amelima matuta matatu ya mboga uani, na kila akipalia, baada ya siku chache magugu yamerudi kama kwamba hayakuguswa. Anauliza: Je, ipo njia ya kuwa na bustani bila ya kushinda na jembe mkononi? Na kama njia hiyo inafaa huku visiwani, itafaa na huko?

Jibu letu ni kwamba njia ipo, na yafaa pande zote mbili, ila kila mahali pana masharti yake. Tutaanza na huku kwetu, kisha twende Makongolosi.

Swali hili si dogo kwa sisi wenye mikarafuu. Msimu wa kuchuma huanza kiasi cha mwezi wa saba, na mara nyingi hutukuta bado tumo juu ya miti mvua za vuli zinapoanguka. Yaani magugu huja wakati ule ule ambao hapana mkono wa kuyapalia. Wanaume wako juu ya mikarafuu. Akina mama mchana wako shambani au kwenye majamvi wakianika, na jioni wanakaa kuchambua karafuu na makonyo. Bustani huachwa. Mwisho wa msimu tuta limekuwa msitu, na fedha ya karafuu inakwenda sokoni kununua nyanya na mboga zilizovushwa kutoka Bara. Bustani isiyotaka kazi nyingi ni akiba ya nyumba.

KWA NINI MAGUGU HAYAISHI

Udongo wa bustani ni ghala ya mbegu. Mchicha pori mmoja ukiachwa ukakomaa huweza kumwaga mbegu makumi ya maelfu. Kishona nguo, kile kinachong'ang'ania kanzu na mabuibui, mche mmoja hutoa maelfu. Mbegu hizo haziōti zote kwa mara moja. Nyingi hulala chini ya udongo miaka kadhaa zikingoja, na katika yale zinayoyangoja kubwa ni mwanga. Jembe linapozama na kuugeuza udongo, lazipandisha juu zile zilizolala. Zikipata mwanga na unyevu, zinaota. Kwa hivyo mtu apaliaye kwa kuchimba sana aondoa magugu ya leo na kupanda ya wiki ijayo kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Gugu lataka mambo matatu: mwanga, nafasi, na kuachwa lizae. Likinyimwa hayo matatu, hupungua mwaka hata mwaka. Jembe peke yake halilinyimi hata moja.

TULIJUALO SHAMBANI

Wala hatuwafundishi wanachama jambo geni. Kila mmoja wetu ajua kwamba chini ya mkarafuu hakuchimbwi. Mizizi midogo inayoulisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na jembe likipita huikata. Kwa hivyo twafyeka, na majani yaliyofyekwa twayaacha pale pale yaoze. Yanaifunika ardhi, yanashika maji, na yakioza yanakuwa chakula cha mti.

Lakini tukirudi nyumbani twafanya kinyume. Twalikwangua tuta mpaka liwe jeupe kama uwanja uliofagiwa, na majani twayabeba kwenda kuyatupa jaani. Ardhi tupu haikai tupu. Jua laikausha, mvua laipiga na kuchukua udongo mzuri, na magugu huja kuziba nafasi. Tuufuate nyumbani mwendo ule ule wa shambani.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

Kwanza, tuta liwe na upana wa dhiraa mbili, kiasi cha mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Weka njia za kupita, na mtu asikanyage juu ya tuta. Udongo usiokanyagwa haushindiliki, na usioshindilika hauna haja ya kuchimbwa kila mara. Ukisha kulilima vizuri mara ya kwanza, samadi na mboji viweke juu.

Pili, yaoteshe magugu kabla ya mboga. Tengeneza tuta, lisawazishe, ulimwagie maji kama hapana mvua, kisha ungoje siku 10 hadi 14 bila ya kupanda kitu. Mbegu zilizo karibu na uso zitaota. Siku ya jua kali, asubuhi, pita na kijembe chenye makali ukwangue juu juu tu, yaani usizame zaidi ya kidole kimoja. Magugu machanga yatakauka kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo upande, na usichimbe tena, maana ukichimba utakuwa umeamsha kundi jingine.

Tatu, funika. Miche ikisha kusimama, tandaza nyasi kavu zisizokuwa na mbegu, au majani ya mgomba, au makapi ya mpunga, au makuti yaliyochakaa yaliyokatwa vipande. Unene uwe upana wa vidole vinne. Pungufu ya hapo mwanga utapenya. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, lisije likaoza. Katika njia za kupitia tandaza makumbi ya nazi. Tahadhari mbili: kuku hupekua, basi zungushia ua wa makuti, na wakati wa masika konokono hujificha chini ya matandazo, basi wakaguliwe asubuhi mapema na kuokotwa.

Nne, jaza nafasi kwa mimea yako mwenyewe. Mchicha uliopandwa karibu karibu huifunika ardhi kwa majani yake. Chini ya muhogo au mahindi panda kunde, maboga au viazi vitamu. Mahali penye kivuli cha mboga, gugu hukosa pa kusimama.

Tano, pita kila siku robo saa, wala usingoje siku moja ya wiki kufanya kazi ya kutwa. Gugu lenye majani mawili hung'oka kwa vidole viwili. Likiwa na mwezi, lataka jembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama siku hiyo huna nafasi kabisa, basi lifanye moja tu: kata kila linalotaka kutoa maua. Lililokatwa kabla ya kuzaa halikuongezei deni la mwakani.

Tena, si kila kinachoota bila kupandwa ni adui. Mchicha pori, mnavu na mgagani ni mboga. Vikichumwa vichanga hupalia tuta na kujaza chungu kwa kazi moja.

HALI YA MAKONGOLOSI

Makongolosi iko kaskazini ya mji wa Chunya, katika nchi ya machimbo ya Lupa, ambayo katika miaka ya 1930 yaliwavuta watu wengi kufuata dhahabu, na hata leo uchimbaji ndio shughuli kubwa. Huku kwetu tuna masika na vuli. Kule msimu wa mvua ni mmoja, kiasi cha mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, na baada yake ni kiangazi kirefu.

Faida ya hali hiyo ni kwamba magugu huota kwa wingi mvua za kwanza zinapoanguka. Basi jambo la pili tulilolitaja lafaa kule kuliko hata huku. Bibi yule alitengeneze tuta kabla ya mvua, aziache mvua za kwanza zioteshe magugu, ayakwangue juu juu, ndipo apande. Akifanya hivyo atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya magugu ya msimu mzima kwa siku moja. Wakati wa kiangazi, anapomwagia maji ya ndoo, matandazo yatampunguzia ndoo, na magugu yataota pale tu anapomwaga maji. Amwagie shinani mwa mboga, asirushe maji kila mahali.

Shida za kule ni mbili. Ya kwanza ni mchwa, ambao hupenda nyasi kavu na mabua, hasa wakati wa kiangazi. Asirundike matandazo shinani. Wakati wa mvua atandaze nyasi na majani ya miti, na wakati wa kiangazi atumie zaidi mboji iliyokwisha kuoza. Ya pili ni kubwa, nayo twaisema kwa msisitizo. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na zebaki ni sumu, hasa kwa mama mwenye mimba na kwa watoto. Mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ambao wachimbaji huuita marudio, huonekana laini na safi, na mtu aweza kutamani kuufunikia njia za bustani au kuuchanganya na udongo mzito. Asiuguse. Wala asimwagie mboga maji yaliyotoka penye kuoshea.

Wala asifikiri kwamba kufunika ardhi kwa nyasi ni mtindo wa visiwani tu. Jirani zake Wafipa, katika Mkoa wa Rukwa, tangu zamani hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza humo, kisha msimu unaofuata huyabomoa na kuutandaza ule udongo wenye rutuba. Na Wamatengo wa Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, hulima ngoro: hufyeka nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatana kama nyavu, na kuzifunika kwa udongo wa katikati, wakaacha mashimo yanayozuia maji yasiporomoke mlimani. Watu wote hawa wameona kwamba nyasi ni mali ya mkulima ikiwekwa mahali pake.

MAGUGU SUGU

Yako magugu ambayo kuyafunika tu hakutoshi.

Ndago ni ya kwanza. Chini yake mna viazi vidogo vilivyounganishwa kama tasbihi. Ukiikata minyororo hiyo kwa jembe, viazi vilivyokuwa vimelala vyote huamka, na ncha ya jani lake hutoboa matandazo. Dawa yake ni mbili: kuichimbua pamoja na viazi vyake na kuvianika jua kali wiki moja au mbili hadi vikauke kabisa; au kukata majani kila yanapotokeza, bila kukosa, mpaka viazi viishiwe nguvu. Ndago haipendi kivuli, basi mahali ilipozidi panda viazi vitamu msimu mzima.

Ukoka hutambaa kutoka nje ya bustani. Chimba mtaro mwembamba wa kina cha shibiri moja kuzunguka matuta, na kila wiki ukate unaojaribu kuvuka. Usiukatekate ndani ya tuta, kwa kuwa kila kipande chenye fundo ni mche mpya.

Liko pia lile jani laini lenye maua madogo ya buluu, linalopenda unyevu. Kipande kilichoachwa chini huota, na lina mbegu nyingine zinazofichika chini ya udongo. Hilo lisitandazwe kamwe. Litolewe nje, lianikwe juu ya jiwe au wapewe mbuzi.

HABARI YA DAWA

Wanachama wengine wameuliza juu ya dawa za kuua magugu. Nyingi katika hizo hazichagui: tone likipeperushwa na upepo huua mchicha sawasawa na ukoka. Katika tuta dogo ambalo watoto huchuma mboga kila siku, hatuoni haja yake.

Ila liko jambo moja litakalowafurahisha. Mafuta ya karafuu yenyewe, kwa sababu ya eujenoli iliyomo, huunguza majani ya magugu machanga, na huko Marekani yanauzwa ndani ya dawa za magugu kwa wakulima wasiotaka sumu za viwandani. Lakini huunguza majani tu wala hayafiki mizizini, basi ndago na ukoka huchipua tena. Nasi twajua bei ya mafuta hayo. Hapana mwenye akili atakayeyamwaga juu ya ukoka. Twalitaja ili mjue kwa nini majani mabichi ya mkarafuu yasiwekwe karibu na mbegu na miche michanga. Yaliyokauka yakachakaa tandazeni njiani.

NENO LA MWISHO

Kazi ya kupalia bustani ya nyumbani kwa kawaida ni ya akina mama na watoto, juu ya maji, kuni, jiko na kuchambua karafuu. Mwanamume anayefyeka nyasi mafungu mawili akirudi shambani na kuyaweka kando ya tuta amempunguzia mkewe saa nyingi za kuinama. Hilo si jambo kubwa, na halina gharama.

Twawashauri wanachama waanze na tuta moja tu kabla ya mvua zijazo, na jirani yake liachwe lilimwe kwa mtindo wa zamani. Hesabuni siku mlizopalia kila moja, mkatuletee hesabu hiyo ofisini baada ya mavuno. Nakala ya jarida hili tumempa mwanachama aliyeuliza, aipeleke Makongolosi.

Wenu katika kazi,
Katibu