Nyakabiga: Mpaka ukifungwa, akili isifungwe

BUJUMBURA. Katika mtaa wa Nyakabiga, jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, mfanyabiashara wa mpakani huanza siku kwa hesabu za mambo asiyoyaamua yeye: thamani ya faranga, upatikanaji wa petroli, na kama njia iko wazi.

Hofu yake ina sababu. Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea, na mitaji ya wengi ikawa majivu. Desemba 2015, baada ya kambi za kijeshi kushambuliwa, wakazi wa Nyakabiga waliamka na kukuta maiti mitaani. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda.

Kumwambia mtu huyo "usijali, fikiri mazuri" ni kama kumdhihaki. Mtazamo mwema unaosaidia ni ule wa kuutazama mzigo, kisha kuuliza: sehemu ipi ninaweza kuibeba leo?

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza jijini Harare kazi na bibi 14 waliofundishwa kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza matatizo yote, kisha humsaidia mgeni wake kuchagua moja na kupanga hatua ya kulikabili. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopita kwenye benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Mtazamo hugusa hata mfuko. Nchini Togo, biashara ndogo 1,500 ziligawanywa makundi matatu. Moja lilifundishwa hesabu na masoko. Jingine lilifundishwa kujituma, kutangulia tatizo na kutokata tamaa. La tatu halikufundishwa. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha faida ya kundi la kujituma ikipanda kwa asilimia 30. Lile la hesabu lilipata asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati tu.

Kwa mchuuzi wa Nyakabiga, somo hilo laweza kuanzia kwenye daftari. Upande mmja aandike yaliyo nje ya uwezo wake; upande wa pili, anayoyaweza: kumpigia mwenzake aliyeko mpakani kabla ya kupakia, kugawa mzigo safari mbili, kutoweka mtaji wote kwenye njia moja.

Kujua haki nako hupunguza presha. Bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zaweza kupata cheti rahisi cha asili mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine zaweza kubaki. Anayelijua hilo hamfuati kishoka kwa woga.

Hata hivyo, daftari si dawa ya kila kitu. Usingizi ukipotea, chakula kikikosa ladha na tumaini likikatika kwa wiki mbili au zaidi, mtu huyo anahitaji mhudumu wa afya, na kumwendea si udhaifu.

Mpaka hufunguliwa na serikali. Kuamka kesho ukiwa na hatua moja mkononi ni kazi ya mwenye mzigo, na wenzake wa kikundi.