Chopa ya vita ipi kiboko? Muulize Mlima Meru!

Wiki hii naomba tuziache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Tupande angani! Wale mnaoogopa urefu, shikilieni viti.

Kasheshe yenyewe ilianzia Ngarenaro, kwenye kibanda kimoja cha video. Siku hiyo walikuwa wanaonyesha Rambo III, ile sinema ya mwaka 1988. Katikati ya mapigano, mshikaji mmoja akaropoka kwamba ile chopa ya Warusi inayomkimbiza Rambo ndiyo kiboko ya chopa zote za vita duniani. Mwingine akaruka juu: "Acha uongo wewe! Mbele ya Apache ya Wamarekani hiyo ni bajaji!" Wa tatu, anayeuza spea za magari pale Kilombero, akaitetea Rooivalk ya Sauzi. Kelele zikawa nyingi mpaka mwenye kibanda akazima mashine.

Wakawekeana dau: atakayeshindwa anunue supu kwa kijiwe kizima. Na mimi nikatwishwa mzigo wa kuamua, eti kwa sababu naandika gazetini. Haya bwana!

Kwanza niwaharibie starehe kidogo. Ile "chopa ya Warusi" kwenye Rambo III si ya Warusi hata kidogo. Ni Puma ya Wafaransa, ikabandikwa mabawa na makorokoro mengine ili ifanane na Mi-24. Mnashabikia sura ya bandia, jamani!

SWALI LA AFANDE

Tukiwa tunabishana nje ya kibanda, akapita mzee mmoja wa mtaani, mwanajeshi mstaafu. Jina lake naliweka kapuni kwa ombi lake mwenyewe. Mwaka 2013 alikuwa Kongo.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba wanangu. Mnagombea nini?"

Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kaskazini, ulikosimama Mlima Meru, kileleni kweupe kwa mawingu.

"Ule una mita 4,566," akasema. "Sasa niambieni, ipi kati ya hizo chopa zenu itauvuka ikiwa imejaa mafuta na risasi, halafu imrudishe rubani kwa mkewe?"

Kimya! Basi ikabidi niende kuchimba habari kwa makini. Nilichokipata ndicho hiki.

MAMBA WA WARUSI

Mi-24 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Marubani wa Kisovieti waliipa jina la Mamba, na ukiitazama utakubali. Tofauti na wenzake, huyu ana tumbo: anabeba askari 8 huku akiwa na roketi, makombora na mtutu puani. Akijazwa anafika tani 12. Mbio zake ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Lakini uzito huo una gharama yake. Yale mabawa mafupi ubavuni humsaidia kuelea pale tu anapokwenda kasi. Akisimama hewani mahali pamoja, kazi yote inarudi kwa pangaboi la juu. Kule Afghanistan, kwenye joto na milima, marubani walilazimika kumkimbiza chini kama ndege ya kawaida ili anyanyuke. Mara nyingi waliacha askari nyumbani ili kupunguza mzigo.

APACHE, BWANA MKUBWA

Tukizungumzia silaha tu, AH-64 Apache ni noma. Ilianza kuruka mwaka 1975. Inaweza kubeba makombora 16 ya Hellfire yanayotoboa vifaru, pamoja na mzinga wa milimita 30 wenye risasi 1,200. Mzinga huo hugeuka kufuata anakotazama mpiganaji. Ukigeuza kichwa kushoto, nao huo kushoto!

Sasa sikia kituko. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kosovo, Marekani ilipeleka Apache 24 Albania, nchi ya milima. Mbili zilianguka mazoezini, na marubani wawili wakafa katika ajali ya pili. Vita vikaisha bila Apache hata moja kutumwa kupigana. Silaha zote zile, halafu hakuna hata risasi moja iliyomfikia adui!

KOZI WA SAUZI

Rooivalk iliruka mara ya kwanza mwaka 1990. Jina ni la Kiafrikaans, ndege wa jamii ya kozi. Haibebi abiria, ni rubani na mpiganaji wake tu. Ina mzinga wa milimita 20 na roketi za milimita 70, na uzito wake ikijazwa hauzidi tani 9. Kwa hiyo ni nyepesi kuliko Mamba, na inapanda juu zaidi yake.

Hii inatuhusu Watanzania moja kwa moja. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Mwezi Novemba mwaka huo Rooivalk ziliingia vitani kwa mara ya kwanza katika maisha yao, zikashambulia ngome za M23 kwenye vilima vya karibu na Bunagana. Siku chache hazikupita, M23 wakatangaza kuweka silaha chini.

Hapo muuza spea wetu akaanza kupiga makofi. Pole pole, kaka! Rooivalk zilitengenezwa 12 tu, kisha kiwanda kikafunga hesabu. Wewe wa Kilombero unajua vizuri kupata spea ya gari lililotoka 12 tu duniani!

KADOGO KA JIRANI

Wenzetu wa Kenya wamekwenda njia nyingine. Kwa miaka mingi wametumia Hughes 500MD, chopa ndogo kama nyigu, na mwaka 2020 jeshi lao likazindua nyingine 6 za MD 530F. Hata ikijazwa haifiki tani 2. Haina bati zito la kuzuia risasi, hivyo ikipigwa ina shida. Lakini ile herufi F si ya mapambo: toleo hilo lilitengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye joto na miinuko.

MBONA MLIMA UNASHINDA?

Siri ni hewa. Pangaboi la helikopta hushika hewa kama kasia linavyoshika maji. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na jua likichoma inazidi kuwa nyepesi. Pangaboi linakosa cha kushika, injini nayo inakosa pumzi. Arusha tu tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Goma iko juu kidogo kuliko sisi. Kwa hiyo namba nzuri za kwenye vitabu, zilizopimwa kwenye baridi na usawa wa bahari, huku kwetu zinapungua.

Tarehe 12 Agosti 2012 Afrika Mashariki ililipia somo hilo. Helikopta nne za Uganda zilikuwa safarini kwenda Somalia kusaidia majeshi ya Umoja wa Afrika. Moja, Mi-17 ya usafiri, ilifika Garissa salama. Mi-24 tatu hazikufika. Ziliangukia Mlima Kenya katika hali mbaya ya hewa, mlima wenye mita 5,199. Mamba, hata akiwa mzima kabisa, kikomo chake ni chini ya mita 5,000. Baadhi ya askari waliokolewa wakiwa hai, wengine walikufa huko huko. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja!

Na upande wa pili, tarehe 14 Mei 2005, rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua juu kabisa ya Everest, mita 8,848, akakaa karibu dakika 4. Alitumia nini? AS350 B3, kachopa kadogo kasikokuwa na hata bunduki moja.

HUKUMU

Nikarudi kijiweni na majibu. Kwa silaha, Apache. Kwa kubeba watu, Mamba. Kwa vilima vya kwetu, Rooivalk ikipata spea, na kale ka Kenya kwa kazi ya haraka. Kuvuka Meru na mzigo kamili mchana wa jua? Hapo kila rubani mwenye akili atauzunguka.

Wakaanza tena kupiga kelele. Afande akawakatisha.

"Wanangu, kule Kongo usiku ukisikia chopa inakuja, huulizi ina makombora mangapi. Unauliza kama ni ya kwetu. Halafu asubuhi unahesabu kama zimerudi zote."

Hakuna aliyemjibu. Na tukumbuke, M23 wale wale walirudi, na Januari 2025 wakauteka mji wa Goma. Kumbe hata kozi akishinda vita, hamalizi ugomvi.

Dau je? Wote watatu wameshindwa, wakachanga supu. Afande alikula bakuli mbili, halali yake. Mimi nilipata ya mbavu, tena na ndimu!

Haya, tukutane wiki ijayo, na tutarudi kwenye mapenzi. Huko nako watu wanaanguka bila kupigwa risasi.