Kiitaliano cha Malindi: namna ya kusema jambo lililopita

Tangu Waitaliano walipoanzisha mradi wao wa satelaiti pale Ngomeni miaka ya 1960, Kiitaliano kimekuwa lugha ya riziki Malindi na Watamu. Wengi wetu tumekiokota kwa masikio tu, ufukweni na sokoni, na kasoro moja naisikia kila siku: kitenzi hakibadilishwi. Mtu husema "io pagare", yaani "mimi kulipa". Je, amelipa au atalipa? Panapo pesa, utata huo huzaa ugomvi.

Dawa yake si ngumu. Vitenzi vya kawaida vina miisho mitatu:

-are hugeuka -ato: pagare, pagato (kulipa)
-ere hugeuka -uto: vendere, venduto (kuuza)
-ire hugeuka -ito: dormire, dormito (kulala)

Kisha tanguliza neno linaloonyesha mtendaji: ho (mimi), hai (wewe), ha (yeye), abbiamo (sisi), avete (nyinyi), hanno (wao). Herufi h haitamkwi. "Ho pagato" ni nimelipa. "Abbiamo venduto il pesce" ni tumeuza samaki. Mgeni usiyemzoea mheshimu kwa ha badala ya hai: "Signora, ha pagato?"

Sisi hutenganisha -li- na -me-. Waitaliano wengi, katika mazungumzo, hutumia umbo hili moja kwa yote mawili. Ukitaka kubainisha, ongeza ieri (jana) au già (tayari).

Vitenzi vingi vya mwendo, kama arrivare (kufika) na andare (kwenda), huchukua maneno mengine: sono, sei, è, siamo, siete, sono. Hapa mwisho wa kitenzi humfuata mtu. Mwanamume husema "sono arrivato", mwanamke "sono arrivata", na wengi "siamo arrivati". Lisitutishe hilo, nasi pia husema mgeni amefika, gari limefika.

Vipo vinavyoasi kanuni, navyo ni vya kukariri: fare (kufanya) huwa fatto, vedere (kuona) huwa visto, prendere (kuchukua) huwa preso.

Kwa hivyo wewe nahodha, mwongoza watalii au muuza vinyago, tega sikio. Mteja akisema "pago domani", atalipa kesho, basi deni bado lipo. Akisema "ho pagato", anadai kwamba keshalipa. Kama hujaziona pesa, muulize papo hapo, kabla hajaondoka.