Kithembe, Udata na Wembe

Mtoto wa Kwaluguru, wilayani Handeni, asemapo "thimba" akikusudia simba, huchekwa kwanza, kisha huhurumiwa, na hatimaye, kama kwingineko nchini, hatakosekana jamaa wa kumnong'oneza mamaye kwamba mwanao ana udata, apelekwe akakatwe. Udata ni ule utando wa chini ya ulimi, ambao kila mwanadamu amejaaliwa kuwa nao.

Kabla ya wembe, mwambie mtoto huyo aseme "sisimizi", nawe umtazame kinywani. Ili "s" itoke sawasawa, ulimi hukaa nyuma ya meno, pumzi ikapita katika mfereji mwembamba uliofanyika katikati yake. Lakini ulimi wa mwenye kithembe huchungulia baina ya meno, pumzi ikatawanyika, likatoka "thithimidhi". Basi ulimi huo haukufungwa, bali umevuka mpaka wake. Kuukata ili ufike mbali zaidi ni tiba gani hiyo, isipokuwa kumtia mtoto katika hatari ya kuvuja damu na pepopunda? Ulimi uliofungwa kwa hakika hushindwa kuuvuka mdomo wa chini, na kuufungua ni kazi ya tabibu.

Wala si kithembe Mzigua kusema "zahabu" au "samani": Kizigua hakina dh wala th, ambazo Kiswahili kilizipokea kwa Waarabu, na ulimi uliolelewa bila ya sauti hizo hauna maradhi.

Kigugumizi ni mlango mwingine. Aghalabu huanza baina ya miaka 2 na 5, huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, hufuata nasaba, na walio wengi huachana nacho wangali wadogo. Hakiletwi na kutekenywa, wala si dalili ya uzito wa akili; Mfalme George wa Sita, aliyetawala Uingereza tangu 1936 hata 1952, Tanganyika ikiwa chini ya mamlaka yake, alikuwa nacho. Kummalizia mtu neno lake humzidishia dhiki. Mngoje.

Kithembe cha mtoto aliyeng'oka meno ya mbele kisikushughulishe. Lakini kikidumu baada ya meno kuota, au mtoto akitimiza miaka 2 bila ya maneno, mpeleke hospitali ya Handeni au Magunga, Korogwe, na uombe masikio yapimwe kwanza, kwani "s" ni sauti nyembamba, na ni miongoni mwa zinazotangulia kumpotea mtoto asiyesikia vizuri.