Mugongo ukiuma, usitupe jembe: punguza, kisha ongeza



Tukitembelea mashamba ya Bogoro, mara mingi swali la kwanza si juu ya mbegu wala vidudu vya mahindi. Ni juu ya mugongo: "Kiuno kinaniuma kila siku, niache kulima?" Sisi ni watu wa kilimo, si waganga. Lakini shamba likikosa mikono, hiyo njo kazi yetu pia. Tukaenda kuuliza watu wa afya, na leo tunawaletea majibu.

Mama mumoja wa koperativi aliinua kitunga cha mihogo, mugongo ukakamata. Jirani akamuambia: "Mifupa imekwisha, wewe lala tu." Akalala. Miezi ikapita, majani yakameza maharagi, deni likapanda, usingizi ukapotea. Na maumivu? Yalizidi.

Maumivu ni ya kweli, hata mufupa ukiwa muzima

Mugongo ukiuma zaidi ya miezi 3, tunasema maumivu ni ya kudumu. Kwa watu karibu 9 juu ya 10 wenye kuumwa kiuno, waganga hawaoni mufupa uliovunjika wala ugonjwa mubaya. Lakini hawasemi uongo. Ubongo uko kama redio: woga, huzuni, mawazo mingi na kukosa usingizi vinapandisha sauti. Mutu akiogopa kuinama, misuli inalegea. Ikilegea, kazi kidogo tu inauma. Woga unaongezeka tena.

Hapa Bogoro mawazo hayakosi. Hatujasahau 24 februari 2003. Tarehe 24 machi 2017, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilitambua wahanga 297 wa shambulio lile, na kati ya malipizi iliweka msaada wa kisaikolojia. Kidonda cha moyo hata sheria inakijua. Si kila mugongo unauma juu ya vita, lakini kuongea na mutu wa afya juu ya mawazo si wazimu, tena si uvivu.

Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri mambo kama mazoezi, maelezo muzuri kwa mugonjwa na msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kufunga kiuno haikushauriwa.

Namna ya kurudia shamba

- Usilale siku nzima. Tembea kila siku, hata mupaka kwa jirani na kurudi.
- Pima kazi kwa mistari, si kwa maumivu. Kama unaweza mistari 2 ya maharagi, palilia 2, pumzika. Siku ukisikia muzuri, usirukie 10. Juma linalofuata, ongeza 1.
- Badilisha kazi: kupalilia kidogo, kisha kuchagua mbegu, kisha kutembea.
- Tumia jembe yenye mupini murefu.
- Gunia la kilo 100 ligawe, ao mubebe wawili.
- Maumivu yakiongezeka kidogo kisha kazi, haina maana umeharibu mugongo. Kesho punguza, lakini usiache.

Usingoje, kimbia kwa kituo cha afya

Kama mukojo ao choo vinatoka bila kujua; ganzi kati ya mapaja; muguu unakosa nguvu; homa; kukonda bila sababu; maumivu kisha kuanguka; ao kama uliwahi kuugua kifua kikuu, juu kinaweza kuingia ndani ya mifupa ya mugongo.

Yule mama alianza na mistari 2. Wenzake wa koperativi wakamuingiza ndani ya kikundi cha kulima kwa zamu: wengine wanachimba, yeye anapanda. Mugongo ungali unamuuma siku zingine. Lakini maharagi yake yamepaliliwa, na usiku analala.

Tunawaomba wakubwa wa vikundi: mwanachama akikosa shambani juma mbili, musiseme amekuwa muvivu. Mumutembelee, mumuulize habari ya mugongo, na habari ya moyo.