Jiwe la Mwezini ni amana ya watoto wetu



Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nitoe maoni yangu juu ya zawadi moja iliyo ndogo sana kwa uzito lakini kubwa kwa maana yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa Darasa la Sita habari za jua, dunia na mwezi. Niliwaeleza kwamba binadamu alikanyaga Mwezi kwa mara ya kwanza Julai 1969, na kwamba vipande vya mawe ya huko vilitolewa zawadi kwa mataifa ya ulimwengu, letu likiwemo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, la kwetu umeliona?" Nikamjibu kweli kwamba sijaliona. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile halijanitoka hadi leo.

Kwa faida ya wasomaji wasiojua habari hii, nitaieleza kwa kifupi. Wanaanga wa Apollo 11 walichukua bendera ndogo za nchi 136, wakaenda nazo Mwezini na kurudi nazo. Baadaye Rais Richard Nixon wa Marekani alitoa zawadi kwa nchi 135, kwa kupitia wakuu wa nchi hizo. Kila zawadi ilikuwa na bendera ya taifa husika iliyosafiri Mwezini, pamoja na chembe nne za Mwezi zilizofungiwa ndani ya plastiki ngumu. Chembe hizo ni kama punje za mchele, na uzito wake wote haufiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu.

Zawadi ya pili ilitolewa mwaka 1973. Hii ndiyo inayonigusa zaidi mimi nikiwa mwalimu. Desemba 1972, Eugene Cernan na mwanajiolojia Harrison Schmitt wa Apollo 17 walipokuwa wakimaliza kazi yao Mwezini, waliokota jiwe moja na kutangaza, wakiwa huko huko juu, kwamba wangependa ligawanywe kwa nchi nyingi kwa ajili ya vijana wa ulimwengu. Wakati huo vijana kutoka mataifa mbalimbali walikuwa wamekusanyika Houston wakiwasikiliza. Jiwe hilo, lenye uzito wa karibu kilo tatu, lilikatwa vipande vya gramu moja hivi, vikapelekwa kwa wakuu wa nchi. Hivyo basi, kiongozi alipokea kwa mkono wake, lakini waliokusudiwa ni vijana.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Ugogo wanapomvisha kiongozi mgolole na kumkabidhi mkuki, hawampi yeye na nyumba yake tu. Wanakiheshimu cheo alichopewa na wananchi. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 nayo inamtaka kiongozi atoe taarifa ya zawadi kubwa anazopewa. Maana yake ni kwamba zawadi ya kiongozi ina wenyewe.

Lakini wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tazameni yaliyowapata wenzetu. Kipande cha Honduras kilitoweka nchini mwao, kikaja kukamatwa Marekani mwaka 1998 wakati mtu mmoja akikiuza kwa dola milioni 5. Huko Ireland, chumba cha kutazamia nyota kiliungua mwaka 1977, na chembe za Apollo 11 zikazolewa pamoja na kifusi na kutupwa jalalani. Huko Malta, kipande kiliibwa katika jumba la makumbusho mwaka 2004. Uholanzi nako kulitokea kichekesho. "Jiwe la Mwezi" lililokuwa mali ya aliyekuwa Waziri Mkuu, Willem Drees, lilitunzwa katika jumba kubwa la makumbusho la Amsterdam, na mwaka 2009 wataalamu wakagundua kuwa ni kipande cha mti uliogeuka jiwe! Watu wa nchi hizo si wazembe kuliko wengine. Tatizo ni kwamba kitu kisichotazamwa mara kwa mara husahauliwa na hata wanaokilinda.

Wapo watakaosema kwamba shule zina upungufu wa madawati na vitabu, na mwalimu huyu anadai mawe ya Mwezini. Mimi nakaa na upungufu huo kila siku, naujua. Lakini jiwe hili tulikwishapewa, halihitaji fedha za kigeni. Tena fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, limewafundisha Watanzania wengi kwamba historia ya binadamu imepita kwetu. Isitoshe, hata katika safari za anga tulikuwa na sehemu yetu. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, kituo cha Tunguu, Unguja, kilikuwa mojawapo ya vituo vilivyopokea mawasiliano ya chombo chake. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wenye dhamana watutangazie wananchi mahali zilipohifadhiwa zawadi hizo mbili na hali yake. Pili, ziandikwe katika daftari la mali ya Taifa pamoja na picha zake. Tatu, ziletwe Dodoma angalau kwa majuma machache kila mwaka. Makao makuu ya Serikali yako hapa, na Taasisi ya Jiolojia iko hapa. Mawe ya uwanda huu wa kati ni miongoni mwa mawe makongwe ya Afrika, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu. Lile la Mwezini linazidi bilioni 3 na nusu. Mtoto akiyaona mawili hayo pamoja mezani, atajua kwamba jabali analopandia kutazama mbuzi wa baba yake nalo ni somo.

Mwanafunzi wangu yule ataondoka Darasa la Saba muda si mrefu. Ningependa kabla hajaondoka nimjibu: "Ndiyo, nimeliona, na kesho tutakwenda wote."

Mwalimu wa Kijijini,
Dodoma.